Baada ya KCSE: Anzia Kwenye Leseni, Kisha Urudi Nyuma Hadi Kwenye Kozi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, hutoka Januari, na kabla jua halijatua swali ni lile lile kila boma, kuanzia Bondo hadi Bungoma na Molo: "Sasa utafanya kozi gani?" Swali hilo limekuja mapema mno. Kozi iko katikati ya safari. Kabla yake kuna gredi za somo moja moja, na baada yake kuna bodi inayotoa leseni, mwajiri anayeidai leseni hiyo, na miaka kadhaa ya kodi na chakula mjini. Anayechagua kozi kwa utamu wa jina lake hufika mwaka wa nne ndipo anaposikia masharti ambayo angepaswa kuyajua akiwa bado nyumbani.

Kwa hiyo anza mwisho. Uliza kwanza: kazi hii inasimamiwa na nani, na huyo anadai nini kabla hujapokea hata shilingi? Ukishajua, rudi nyuma hadi kwenye chuo, halafu kwenye gredi zako.

Na hili si la wenye alama za juu pekee. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu, gredi ya kuingilia shahada, walikuwa 246,391. Ni kama robo. Robo tatu iliyobaki ndiyo hupewa ushauri haba zaidi, mara nyingi sentensi moja tu: "Nenda ukarudie," au "Tafuta ka-kozi." Ilhali diploma huanzia C-, cheti cha ufundi huanzia D, na ngazi ya chini kabisa ya ufundi haimfungii nje hata mwenye E.

Chukua fundi wa stima. Mjini Kisumu, kuanzia Kondele hadi Mamboleo, nyumba za kupangisha hazikomi kujengwa, na hakuna nyumba isiyohitaji nyaya. Kijana anaweza kumfuata fundi wa mtaani kama msaidizi mwaka mmoja akajua kuchimba ukuta, kupitisha mabomba ya plastiki, kuvuta nyaya, kufunga soketi na kupanga swichi za usalama kwenye ubao wake. Kazi ataijua vizuri. Tatizo linakuja siku ya kuomba stima: kampuni ya umeme, Kenya Power, haiunganishi nyumba mpya mpaka ipate cheti cha kukamilika kwa kazi ya nyaya, kilichotiwa sahihi na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati. Asiye na leseni hufanya kazi yote kuanzia msingi hadi dari, kisha huenda kumlipa mwenye leseni ili atie sahihi. Hukatwa pesa hivyo nyumba baada ya nyumba, mwaka baada ya mwaka. Mbaya zaidi, mara nyingi anayetia sahihi hajaikagua ile kazi. Waya mwembamba ukifungwa kwenye hita ya bafu, au waya wa ardhi ukiachwa unaning'inia nyuma ya soketi, hakuna wa kuliona kosa hilo mpaka mpangaji apigwe na stima.

Basi anayetaka ufundi huu na ajipange kwa leseni tangu siku ya kwanza. Leseni za EPRA zimepangwa kwa madaraja, kuanzia C2 kwa kazi ndogo, kupanda C1, B, hadi A kwa kazi kubwa. Mwombaji huonyesha cheti cha mafunzo na uthibitisho wa maandishi wa kazi alizofanya, na huhojiwa. Cheti anaweza kukipata Kisumu National Polytechnic, Sigalagala kule Kakamega, au taasisi ya Rift Valley mjini Nakuru. Aliyejifunzia mtaani naye hajaachwa: NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani iliyo na kituo Kisumu, hutoa mtihani wa ufundi wa Gredi III, II na I, na haimdai mtu awe amekaa darasani miaka mitatu. Kinachowakwamisha wengi ni ule uthibitisho wa kazi. Wamefunga nyaya nyumba nyingi, lakini hawana barua hata moja. Tangu nyumba ya kwanza, weka daftari: tarehe, mahali, vyumba vingapi, ukubwa wa nyaya ulizotumia, na sahihi ya fundi aliyekusimamia. Na ukitaka kufunga sola, jua kwamba leseni zake ni nyingine, T1, T2 na T3. Ile ya nyaya za nyumba haitoshi.

Njia za shahada nazo ni hivyo hivyo, tena huko kosa ni ghali zaidi kwa sababu linagharimu miaka. Uhandisi ndio mfano ulio wazi. Bodi ya Wahandisi, EBK, husajili wahitimu wa programu ilizoziidhinisha, katika chuo kilichotajwa kwa jina. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya uhandisi wa ujenzi na kisiwe nayo kwa tawi jingine la uhandisi. Aidha, kuna shahada za teknolojia ya uhandisi ambazo majina yake yanakaribiana sana na zile za uhandisi wenyewe. Wahitimu wake husajiliwa na bodi tofauti, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ni kazi halali na yenye heshima, lakini anayeingia huko akiamini atakuja kuitwa mhandisi na EBK atavunjika moyo bure. Orodha ya programu zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya bodi. Kuisoma ni kazi ya nusu saa.

Sheria pia. Miaka 4 ya shahada haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada yake kuna Kenya School of Law, mitihani ya Baraza la Elimu ya Kisheria, na miezi 6 ya kufundishwa kazi chini ya wakili. Karo ya hatua hiyo haimo kwenye hesabu ya wazazi wengi, na wengi hukwamia hapo wakiwa na shahada mkononi.

Ualimu nao unataka maneno zaidi kidogo, maana huku magharibi mwa Kenya ndiyo kazi ambayo mtoto ameiona kwa karibu kuliko nyingine zote. Kufundisha sekondari kwa shahada kunahitaji wastani wa C+, na pia C+ katika yale masomo mawili utakayofundisha. Mwenye C+ ya jumla lakini C katika Historia hapaswi kuijenga ndoto yake juu ya Historia. Tena chagua masomo hayo ukijua unakoelekea mfumo wa elimu. KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa zamani, ni ya 2027. Sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12 ya mfumo mpya, ilianza Januari 2026 ikiwa na mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwa maoni yangu, mwenye gredi za kutosha katika Hisabati na Fizikia akizikwepa ili afundishe masomo ambayo tayari yana walimu wengi mitaani wanaongoja TSC, tume inayoajiri walimu, anajipanga mwenyewe kwenye foleni ndefu. Hata wanaoitwa si wote huanza kwa ajira ya kudumu. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) walioanza kuchukuliwa 2023 walikuwa wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Anayeupenda ualimu asirudishwe nyuma na hilo, ila aingie akilijua.

Sasa turudi kwenye gredi, kwa sababu hapa ndipo uelewa ulipo hafifu kuliko kwingine. Wengi hudhani wastani ndio unaowapa kozi. Wastani hukuruhusu kuomba tu. Kinachoamua ni alama za kundi, ambazo KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, huzitoa kwa kuangalia masomo manne yanayohusiana na kozi, pamoja na jumla ya masomo saba. Kanuni ya kukadiria ni hii: ukihesabu A kuwa alama 12, gawa jumla ya alama za yale masomo manne kwa 48, gawa jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuwatazame watahiniwa wawili, wote wana alama 50 kati ya 84, yaani C+. Wa kwanza ana alama 34 katika masomo manne ya kozi anayoitaka. Atapata kama 31.2. Wa pili ana 26 katika masomo yale yale, kwa sababu alama zake nzuri ziko kwengine. Atapata kama 27.3. Wastani wao ni mmoja, lakini wametengana kwa karibu alama 4, na katika kozi zinazogombaniwa hizo ni nyingi mno. Huyu wa pili hajashindwa. Kuna kundi jingine la masomo ambalo yeye ndiye atakayekuwa na 31, na kazi yake ni kulitafuta kundi hilo badala ya kung'ang'ania lile la rafiki yake. KUCCPS hufanya hesabu yake kwa vipimo vya ndani zaidi, kwa hiyo tofauti ndogo itakuwepo, lakini ukiingia kwenye tovuti yao utaonyeshwa alama zako za kila kundi. Zinakili zote kwenye karatasi kabla ya kubofya kozi yoyote.

Ukiona alama za mwisho za mwaka jana karibu na jina la kozi, zisome kwa uangalifu. Hiyo ni alama ya mtu wa mwisho kuingia mwaka huo, na mwaka huu inaweza kupanda au kushuka. Chaguo lako la kwanza likiwa juu ya alama zako kidogo, si vibaya. Lakini yote yakiwa juu yako, mfumo utakuacha nje, nawe utabaki kuokota mabaki katika awamu ya marekebisho. Na wanaookota mabaki ndio hujikuta katika shahada ambayo hawajawahi kuisikia, mbali na nyumbani, kwa sababu tu ilikuwa na nafasi.

Kutuma maombi hugharimu Sh1,500, na wengi huenda saiba, duka la intaneti. Hapo huharibika mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Mhudumu ana foleni, anafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu ili aende haraka, na mara nyingine hata kozi anachagua yeye. Miezi mitatu baadaye ujumbe wa nafasi unaingia kwenye simu yake, na mwenye nafasi hana habari. Fungua barua pepe yako mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Sajili laini kwa jina lako mara upatapo kitambulisho, maana HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo huitaka iwe hivyo. Nenda na kozi zako zimeandikwa kwenye karatasi pamoja na misimbo yake, hakikisha mhudumu anaingiza hizo hizo, na uondoke na nenosiri lako na nakala ya ukurasa wa mwisho.

Pesa. Kupata nafasi kupitia KUCCPS si kupata ufadhili. Maombi ya ufadhili na mkopo hutumwa kando, na kuna watu wanaoripoti chuoni Septemba bila kuwahi kuyatuma. Chini ya mfumo uliotangazwa 2023, familia hupangwa katika makundi matano. Kundi la kwanza hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama za masomo, mkopo 25, na familia hulipa 5. Kundi la tano hupewa ufadhili 30, mkopo 30, na familia hulipa 40. Mfumo huo umepingwa mahakamani. Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, kwa hiyo soma masharti ya mwaka wako na si ya kaka yako. Kumbuka pia kwamba anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi hutegemea mkopo, si ufadhili wa serikali.

Lakini karo si gharama yote, wala si ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani. Fanya hesabu ya kuishi. Tuseme chumba ni Sh4,000 kwa mwezi kwa miezi 9: hiyo ni Sh36,000. Chakula Sh200 kwa siku kwa siku 270: Sh54,000. Jumla Sh90,000 kwa mwaka, bila nauli, bila bando, bila hata daktari. Mkopo wa matumizi umekuwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka kulingana na kundi. Pengo la Sh30,000 hadi 50,000 lazima lijulikane linatoka wapi kabla ng'ombe hajauzwa kulipia mwaka wa kwanza pekee. Anayeweza kusomea karibu na nyumbani, Maseno, Masinde Muliro, Kibabii, Alupe, Egerton, akilala kwao au kwa shangazi, hupunguza pengo hilo kuliko ufadhili mwingi. Na mkopo wa HELB hulipwa. Riba ni asilimia 4, malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi.

Kuhusu kazi zenyewe, tazama kilicho karibu nawe. Kaunti ya Nakuru ina Olkaria na Menengai, na mvuke wa ardhini unahitaji watu wa kuchomelea mabomba ya shinikizo kubwa, wa pampu, wa vipimo na wa umeme. Mashamba ya maua ya Naivasha yanahitaji mafundi wa majokofu na wa umwagiliaji, kazi ambazo watoto wachache huzitaja wanapoulizwa. Naivasha hiyo hiyo kuna Dairy Training Institute kwa anayetaka teknolojia ya maziwa. Anayevutiwa na afya ya mifugo na upandishaji mbegu kwa ng'ombe akumbuke kwamba husajiliwa na Bodi ya Mifugo, KVB, na bila usajili huo kazi yake si halali. Kisumu kuna kiwanda cha meli kilichojenga MV Uhuru II, na mchomeleaji aliyepimwa kwa viwango vya meli hatofautiani kwa cheti tu na yule wa kutengeneza mageti. Hutofautiana kwa ujira. Ukanda wa miwa una historia ya misukosuko, na 2025 serikali ilikodisha viwanda vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa wawekezaji. Sishauri mtu asomee kozi inayofaa kiwanda kimoja pekee. Fundi wa bwela (boila) au wa maabara ya kemia, kiwanda kikifungwa, huhamia cha saruji, cha chai au cha maziwa.

Uuguzi wa diploma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, huendelea kuwa chaguo imara kwa mwenye C, ikiwa Biolojia na Kiingereza au Kiswahili zimefika C pia, na Kemia, Fizikia au Hisabati imefika C-. Hata hivyo ajira za kaunti huja polepole, na wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba wa UHC, mpango wa afya kwa wote, mwaka 2020 walingoja miaka mingi wakidai kazi ya kudumu. Wanaotazama Ujerumani, ambayo ilitia sahihi makubaliano ya wafanyakazi na Kenya Septemba 2024, wajue kinachokwamisha ni Kijerumani. Hospitali za huko hutaka kiwango cha B1 au B2, na hicho hakipatikani kwa wiki sita. Na wakala yeyote anayepokea pesa yako awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kati ya matokeo ya Januari na kuripoti chuoni kuna miezi saba au minane. Itumie kuangalia kazi kwa macho. Nenda siku tano mfululizo mahali inapofanyika, gereji, zahanati, ofisi ya mpimaji ardhi, na uwepo tangu asubuhi hadi wanapofunga. Usiulize "kazi hii ni nzuri?" Uliza kazi ya kwanza ya mtu mpya ni ipi, alilipwa nini miezi sita ya kwanza, leseni ilimchukua muda gani, na ni nini kiliwafanya wenzake waache. Mwenye kuona kichefuchefu kwa damu hujijua siku ya pili, si mwaka wa pili.

Ukichagua chuo cha kati kisicho cha serikali, tafuta jina lake na jina la kozi kwenye orodha ya TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, vyote viwili, maana chuo kinaweza kusajiliwa na kozi isisajiliwe. Kwa uuguzi, orodha inayohesabika ni ya Baraza la Wauguzi. Vyuo vya ghorofani karibu na stendi za Nakuru na Kisumu vingine ni halali na vingine si halali, na bango la nje haliwezi kukuambia. Uliza pia mafunzo ya kazini hufanyika wapi na nani huyatafuta. Chuo kikijibu kwamba mwanafunzi atajitafutia, jiandae mapema: barua ya chuo, bima, daftari la kila siku, na maombi yaliyotumwa miezi minne kabla, kwa sababu hospitali na viwanda vikubwa hujaza nafasi zao mapema. Anayesubiri hadi wiki ya mwisho huishia kupangua faili kwenye ofisi isiyohusiana na kozi yake, na daftari lake haliwezi kumsaidia mbele ya bodi yoyote.

Kwa aliyepata C au C- na moyo wake bado uko kwenye shahada: diploma ni ngazi ya 6 katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, shahada ni ya 7, na kupanda kunaruhusiwa. Muulize msajili wa chuo kikuu unachokilenga, kabla hujaanza diploma, kama ataipokea na ni masomo yapi atakupunguzia. Kisha iulize bodi ya kazi hiyo kama nayo inakubali njia hiyo, kwa sababu nyingine bado hurejea gredi za KCSE. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo aliyekosa muhula mmoja ana miezi minne tu ya kungoja, na majibu ya msajili na ya bodi ayapate kwa maandishi kabla ya kulipa karo.